Shajara ya mradi: kupima kichwa cha kiungo cha taya na tofauti ya kulia na kushoto kwenye eksirei za watoto, Mtwara

19 Februari 2024: lengo na mipaka

Kazi hii inafanywa na watu watatu katika kliniki ya kinywa na meno mjini Mtwara, yaani mimi daktari wa meno, mtaalamu wa mionzi, na mwanafunzi wa utabibu wa meno aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Tunaiandika hatua kwa hatua ili mwenzetu wa Lindi, Masasi au Newala mwenye mashine ya aina hiyo aweze kuirudia bila kutumia fedha mahali tulipozitumia bure.

Swali lenyewe limetokana na watoto tunaowaona. Huku kusini mtoto kuanguka kutoka kwenye mwembe au mkorosho ni jambo la kawaida, na akiangukia kidevu, nguvu ya pigo hupanda kupitia mfupa wa taya la chini hadi kwenye kondili, yaani kile kichwa cha mfupa kinachokaa mbele ya sikio na kuunda kiungo cha taya. Gegedu inayofunika kondili inahusika na ukuaji wa taya la chini, kwa hiyo jeraha la upande mmoja likipita bila kutambuliwa, upande huo unaweza kubaki nyuma katika kukua na kidevu kikavutwa kuuelekea. Baridi yabisi ya watoto nayo inaweza kuleta hali kama hiyo. Tunataka kujua iwapo picha za eksirei zilizokwisha kupigwa kwa sababu nyingine zinaweza kutuonyesha mtoto anayestahili kufuatiliwa kabla uso haujapinda.

Mipaka tuliyojiwekea ni miwili. Hakuna mtoto atakayepigwa eksirei kwa ajili ya mradi huu. Tunatumia picha za panorama tu, yaani zile zinazoonyesha mataya yote kwa picha moja na ambazo hospitalini wengi huziita OPG, zilizoombwa kwa ajili ya meno yaliyochelewa kuota, meno ya ziada au mpango wa kunyoosha meno. Pili, hakuna jina linaloingia kwenye kompyuta ya vipimo: kila picha hupewa namba, na daftari linalounganisha namba na mtoto hufungiwa kabatini, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotutaka tuwe waangalifu. Ridhaa ya mzazi na kibali cha maadili vilitangulia kila kitu. Anayetaka kuiga aanzie hapo, kwa kuwa ndiyo hatua inayokula muda mrefu kuliko zote ingawa haina gharama kubwa.

11 Machi 2024: njia tuliyoanza nayo

Tumeanza na njia ya watafiti Habets na wenzake, iliyoelezwa mwaka 1988, kwa sababu haihitaji programu ya kununua. Kila upande wa picha, unachora mstari unaogusa sehemu iliyochomoza zaidi nyuma ya kondili na sehemu iliyochomoza zaidi nyuma ya tawi la taya, yaani ule ubapa wa mfupa unaosimama wima. Kisha kutoka kilele cha kondili unashusha mstari mwingine unaoukata ule wa kwanza kwa pembe mraba. Umbali kutoka makutano hayo hadi mguso wa juu ndio urefu wa kondili, na umbali kutoka mguso wa juu hadi mguso wa chini ndio urefu wa tawi.

Fahirisi ya kutolingana hupatikana kwa kutoa urefu wa kushoto kutoka ule wa kulia, kugawanya kwa jumla ya urefu wa pande zote mbili, kuzidisha kwa 100 na kupuuza alama ya hasi. Mpaka unaotumiwa sana ni asilimia 3, na sababu yake ni muhimu kuliko namba yenyewe: inakadiriwa kwamba kichwa cha mgonjwa kikihama sentimita 1 tu ndani ya mashine, taya lililo sawa kabisa linaweza kutoa tofauti ya kiasi hicho. Kwa maneno mengine, asilimia 3 ni makadirio ya uongo wa mashine, na haielezi chochote kuhusu ugonjwa. Ripoti nyingi zinazotumia mpaka huu hulisahau jambo hilo.

Programu tunayotumia ni ImageJ, inayotolewa bila malipo na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani.

8 Aprili 2024: kuzipata picha katika hali inayopimika

Hatua tuliyodhani ni ya siku moja imechukua wiki kadhaa. Jaribio la kwanza lilikuwa kupiga skrini ya mashine kwa simu. Picha zilionekana safi, lakini simu ikiinama kidogo upande mmoja wa picha unarefuka kuliko mwingine, nasi tunatafuta tofauti ya pande mbili hizo hizo. Picha zote za namna hiyo tumezifuta.

Jaribio la pili lilikuwa kuhamisha picha kwa muundo wa kawaida wa JPEG. Hapa tatizo lilijificha zaidi, kwa sababu programu ya mashine ilikuwa inapunguza ukubwa wa picha kila inapoihamisha, tena si kwa kiwango kimoja. Urefu wa tawi la mtoto mmoja ulitoka na pikseli, yaani nukta zinazounda picha, chache kuliko ule wa mtoto mdogo kwake, na ndipo mwanafunzi wetu alipoanza kushuku. Fahirisi, kwa kuwa ni mgawanyo wa pande mbili za picha moja, haikuathirika, lakini ukubwa wa kondili kutoka mtoto hadi mtoto ulikuwa haulinganishiki hata kidogo.

Sasa tunahamisha faili za DICOM zenyewe, yaani muundo wa picha za kitabibu, ambazo hubeba taarifa ya ukubwa wa pikseli, na ImageJ huzifungua moja kwa moja. Angalizo moja: ukubwa unaoandikwa humo ni wa pikseli kwenye kipokezi cha mashine, yaani sehemu inayopokea mionzi, ilhali taya liko mbali na kipokezi na kivuli chake hutoka kikubwa kuliko mfupa wenyewe. Milimita zinazosomwa si milimita za mfupa. Kwa sababu hiyo tumeamua kuandika «milimita za picha» katika kila safu ya jedwali, ili asije mtu akazisoma kama vipimo vya mwili.

Gharama hadi hapa ni diski ya nje ya kuhifadhia, shilingi 160,000, na karatasi za fomu za ridhaa.

20 Mei 2024: taya la mbuzi

Tulikuwa tumeagiza kutoka Dar es Salaam mfano wa plastiki wa mataya unaotumika kufundishia, ili tuupige eksirei ukiwa umekaa sawa na ukiwa umepinda, tujue mashine yetu inadanganya kiasi gani. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa mwezi huu, barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga na mzigo ukakwama njiani.

Katika kusubiri tulinunua taya la mbuzi bucha, likachemshwa na kusafishwa, tukaliweka kwenye mashine baada ya saa za kliniki. Halikufaa. Mashine ya panorama hupiga kwa uwazi tabaka moja tu lililopinda kufuata umbo la taya la binadamu, na chochote kilicho mbele au nyuma ya tabaka hilo hutoka na ukungu. Taya la mbuzi ni refu na jembamba mno: meno ya mbele yakikaa ndani ya tabaka, matawi yanatoka nje yake, na ukiyarudisha matawi ndani, sehemu ya mbele inapotea. Kondili zilionekana kama mawingu mawili. Tunalitaja hili kwa sababu ni wazo la kwanza linalomjia kila mtu.

24 Juni 2024: waya na gololi

Mfano wa plastiki umefika. Plastiki yenyewe haionekani vizuri kwenye eksirei, na hilo limekuwa faida, maana tunaweza kubandika juu yake vitu tunavyovijua urefu wake. Tulikata vipande viwili vya waya wa kufungia nondo, tukavinyoosha, tukavipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu mdogo kwa usahihi, hadi vikalingana, kisha tukavibandika kwa gundi kali nyuma ya tawi la kulia na la kushoto. Hapo tuna taya ambalo pande zake ni sawa kwa hakika, na tofauti yoyote itakayoonekana kwenye picha ni ya mashine au ya mkao.

Tulihitaji pia kitu cha mviringo kamili chenye kipimo kinachojulikana. Fundi baiskeli wa karibu na soko kuu alitutatulia. «Daktari, hizi za ekseli ya nyuma ni robo inchi, za mbele ni ndogo kidogo,» alisema, akatuuzia kwa shilingi 2,000 gololi za kutosha na kubaki. Robo inchi ni milimita 6.35, na za mbele, ambazo ni inchi 3/16, ni milimita 4.76, kalipa ilithibitisha zote mbili. Tulizibandika ndogo kwenye ncha za juu na za chini za kila waya.

Gololi ndizo zilizofundisha zaidi. Mfano ulipokaa katikati, zilitoka karibu mviringo. Tulipouzungusha mfano kidogo kulia, gololi za upande uliorudi nyuma zilitanuka kama yai lililolala, na za upande uliosogea mbele zikabanwa zikawa nyembamba, huku urefu wao wa wima ukibadilika kidogo tu. Hivyo ndivyo panorama inavyofanya kazi: ukuzaji wa wima hutegemea umbali kati ya chanzo cha mionzi, mfupa na kipokezi, lakini ule wa ulalo hutegemea pia kasi ambayo kipokezi kinasafiri, na kasi hiyo imepangwa kwa ajili ya kile kilicho ndani ya tabaka tu.

Matokeo yake yamefuta sehemu moja ya mpango wetu. Tulikusudia kuchora mzunguko wa kondili na kupima eneo lake, kwa kuwa eneo lilionekana kuwa kipimo kamili cha ukubwa. Eneo lina upana ndani yake, na upana ndio usioaminika, kwa hiyo kipimo cha eneo na kipimo cha upana tumeviondoa. Tumebaki na urefu wa wima.

Mfano ulipoinamishwa ili upande mmoja uwe juu kuliko mwingine, hata urefu wa nyaya ulianza kutofautiana. Mzunguko na mwinamo si kosa moja, na kila kimoja kinahitaji kutambuliwa kwa alama yake.

Gharama: mfano shilingi 85,000, usafiri wa mzigo 5,000, gundi, waya na gololi chini ya 10,000.

22 Julai 2024: picha zipi zinakataliwa

Baada ya majaribio ya gololi tulirudi kwenye picha za watoto na kuweka masharti kabla ya kupima chochote. Mzunguko wa kichwa tunautambua kwa magego ya kwanza ya kudumu ya chini, namba 36 na 46, ambayo huota kwa kawaida karibu na umri wa miaka 6 na kwa hiyo yapo kwa karibu watoto wetu wote. Jino la kushoto na la kulia la mtu mmoja hukaribiana sana kwa upana, hivyo moja likionekana pana waziwazi kuliko jingine, kichwa kilizungushwa na picha inawekwa kando. Jino lenye tundu kubwa la kuoza au lililojazwa halitumiki kwa ukaguzi huu.

Kidevu kikiinuliwa mno, mstari wa meno hunyooka na kondili hukimbilia kingo za picha. Kikiinamishwa mno, mstari hujikunja kama tabasamu lililozidi na kondili hukatwa juu. Watoto wadogo hupatwa zaidi na hili kwa sababu kipumzisho cha kidevu kimetengenezwa kwa kimo cha mtu mzima. Mtoto akitikisika wakati mashine inazunguka, ukingo wa chini wa taya hutoka na mawimbi, na hapo hakuna marekebisho.

Vitu vya chuma vinastahili kusemwa peke yake. Hereni iliyosahauliwa sikio la kulia haiharibu upande wa kulia tu, bali hutupa kivuli kikubwa chenye ukungu upande wa kushoto, juu zaidi ya mahali ilipo, na kinaweza kuangukia eneo la kondili ya pili. Pini za hijabu hufanya vivyo hivyo. Mtaalamu wetu wa mionzi sasa humwomba mama au dada aliyeandamana na binti amsaidie kuvua pini na hereni nyuma ya pazia kabla hajaingia, na picha za tangu utaratibu huo uanze ni bora kwa kiasi kinachoonekana kwa macho.

Masharti haya yametunyima picha nyingi kuliko tulivyotarajia. Hatuzirudii. Picha iliyotosha kuonyesha jino lililokwama imekwisha kutimiza kazi yake kwa mtoto, hata kama haifai kwa mradi.

2 Septemba 2024: kosa la mpimaji na hesabu ya asilimia 3

Hii ndiyo hatua niliyokusudia kuipitia haraka, na ndiyo iliyobadilisha kila kitu.

Kila picha ilipimwa na watu wawili, na kila mmoja akairudia baada ya wiki kadhaa bila kuona majibu yake ya mwanzo. Mwanafunzi aligeuza baadhi ya picha kama zinavyoonekana kwenye kioo, kulia kukawa kushoto, bila kutuambia zipi. Nia ilikuwa rahisi: tofauti iliyo kwenye taya itahama upande picha inapogeuzwa, lakini tofauti iliyo kwenye jicho au mkono wa mpimaji itabaki upande uleule wa skrini. Kwa tawi la taya, tofauti zilihama na picha. Kwa kondili, sehemu ya tofauti ilibaki palepale. Mguso wa juu ulikuwa ukiwekwa juu kidogo upande mmoja wa skrini kwa utaratibu, hasa kwa watoto wa chini ya miaka 10, ambao nyuma ya kondili yao pamenyooka kiasi kwamba mstari unaweza kugusa popote katika eneo fulani, na ambao ganda gumu la juu ya kondili halijajijenga vya kutosha kutoa ukingo mkali.

Tumerekebisha hivi: picha hukuzwa kwa kiwango kilekile kila mara, kila upande huletwa katikati ya skrini kabla ya kuwekewa alama, na upande wa kuanza huchaguliwa kwa kurusha sarafu. Kosa limepungua, halijaisha.

Kisha ikaja hesabu. Chukua mtoto mwenye tawi la milimita 40 za picha, na mpimaji anayekosea nusu milimita upande mmoja, ambayo kwa pikseli za mashine kama yetu ni takribani pikseli 5. Upande mmoja ni 40, mwingine 40.5, na fahirisi ni asilimia 0.6. Chukua sasa kondili yake ya milimita 6: upande mmoja 6, mwingine 6.5, na fahirisi inaruka hadi asilimia 4. Nusu milimita ileile imemvusha mtoto mpaka wa asilimia 3 bila taya lake kuwa na kasoro yoyote. Kadiri kondili inavyokuwa fupi ndivyo hesabu inavyozidi kuonea, na kondili fupi ndizo za watoto.

Kwa hiyo hatutumii tena asilimia 3 kwa kondili. Tunakokotoa kosa letu wenyewe kwa kanuni ya Dahlberg ya mwaka 1940: chukua tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha marudio kwa kila picha, ipigie mraba, jumlisha zote, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya picha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu likizidishwa kwa 2.77 linatoa tofauti ndogo kabisa kati ya pande mbili inayoweza kuaminiwa kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa mfano, kosa likiwa milimita 0.3, tofauti iliyo chini ya 0.83 haina maana, na kwa kondili ya milimita 6 hiyo ni fahirisi ya takribani asilimia 6.5, zaidi ya mara mbili ya mpaka wa vitabuni. Kila kliniki ikokotoe yake. Namba ya mwingine haiazimwi, kwa sababu imebeba mashine yake, macho yake na watoto wake.

21 Oktoba 2024: njia ya Kjellberg, na kidole badala ya rula

Tulijaribu njia ya pili, ya Kjellberg na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1994 walipochunguza watoto wenye baridi yabisi. Hii hupima kondili kutoka kilele chake hadi kina cha bonde lililopo kati yake na ncha ya mbele ya tawi, kisha hulinganisha urefu huo na urefu wa tawi la upande uleule. Kwa kuwa ni uwiano ndani ya upande mmoja, ukuzaji wa mashine hujifuta wenyewe kwa sehemu kubwa. Faida nyingine ni kwamba kondili inayopimwa hivi hutoka ndefu kuliko ya Habets, hivyo nusu milimita haina ukali uleule.

Udhaifu wake ni bonde lenyewe, ambalo mara nyingi hufunikwa na kivuli cha mfupa wa shavu. Pale linapoonekana, marudio yetu yanakubaliana vizuri kuliko kwa Habets. Pale lisipoonekana, mpimaji anabahatisha, na tumekubaliana kuacha kisanduku wazi kuliko kujaza. Njia hii ndiyo tunayoendelea nayo kwa kondili. Ya Habets imebaki kwa tawi la taya peke yake.

Msimu wa korosho umeanza. Wazazi waliokuwa wakiahirisha matibabu wanaleta watoto fedha za mnada zikiingia, na tumetumia fursa hiyo kuongeza uchunguzi usiohitaji mionzi hata chembe. Mtoto anaulizwa kama aliwahi kuanguka akaumia kidevu, na mzazi anaulizwa swali hilohilo peke yake, maana majibu hayafanani: mtoto huficha mti aliokatazwa kuupanda. Tunatazama kovu chini ya kidevu. Tunamwomba afungue kinywa polepole, tukiangalia kama kidevu kinavutwa upande mmoja, kisha ajaribu kuingiza vidole vyake mwenyewe vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini.

Kwa maoni yangu uchunguzi huu wa dakika chache una uzito kuliko fahirisi yoyote iliyo karibu na mpaka. Picha ikionyesha tofauti kubwa kwa wapimaji wote wawili na kinywa nacho kikivutwa upande uleule wenye kondili fupi, mtoto hupewa rufaa kwenda kwa wataalamu wa upasuaji wa kinywa na taya Muhimbili. Picha ikionyesha tofauti peke yake, tunaandika tarehe ya kumwona tena na hatumwambii mzazi kwamba taya la mwanawe limepinda.

18 Novemba 2024: hali ilivyo

Jedwali la vipimo limefungwa kwa kundi la kwanza. Safu zake ni namba ya picha, umri kwa miaka na miezi, jinsi, upana wa jino 36 na 46, urefu wa tawi kila upande, uwiano wa kondili kila upande, herufi ya mpimaji, duru ya kupima, na kama picha iligeuzwa. Kovu la kidevu na mvuto wa kidevu viko kwenye faili tofauti, nalo haliunganishwi na vipimo hadi wapimaji wote wawe wamemaliza, ili anayejua kwamba mtoto alianguka asije akaiona kondili fupi kabla hajaipima.

Umeme ulikatika mara moja tukiwa katikati ya kuhifadhi, na faili ya duru ya pili ikaharibika. Tangu hapo nakala inachapishwa kwenye karatasi kila jioni, kwa gharama ya shilingi 200 kwa ukurasa. Ni gharama ndogo kuliko UPS, yaani kifaa cha akiba ya umeme, ambayo bado hatujaweza kuinunua.

Kundi la pili litakuwa la watoto wenye kovu la kidevu waliokuwa na sababu yao wenyewe ya kupigwa panorama, na litapimwa na mtu wa tatu asiyejua kundi lipi ni lipi. Mwanafunzi wetu anamaliza mafunzo yake Desemba. Anayechukua nafasi yake ataanza kwa kupima nyaya na gololi mpaka kosa lake likokotolewe, ndipo apewe picha ya mtoto.